Umeme mdogo: nani anaula njiani?

Ndugu msikilizaji, leo nina jambo la kuungama mbele yako. Lakini kabla sijaungama nina historia ya kukusimulia, maana bila ya historia hiyo kosa langu halitafahamika vizuri, na pengine na wewe unalo kama hilo nyumbani kwenu shamba bila ya kujijua.

Kwetu ni Pemba, upande wa Konde, kaskazini ya kisiwa. Mimi naishi Unguja Mjini, na kama walivyo wengi wenu, nimewaacha ndugu zangu shamba. Miaka michache iliyopita, Ramadhani ilipokaribia, nilimpelekea dada yangu friji. Dada ni mjane mwenye watoto wanne, na friji lile halikuwa pambo la sebuleni. Lilikuwa ndilo duka lake. Alikusudia kutengeneza barafu za ukwaju na ubuyu awauzie watoto wa skuli, na mwezi wa Ramadhani auze barafu kwa majirani wanaofuturu. Friji likapanda meli, likashuka bandari ya Mkoani, likapakiwa gari mpaka Konde. Lilifanya kazi siku kumi na tisa.

Ikiingia magharibi, taa ya nyumba ile ilikuwa nyekundu kama kaa. Feni ilizunguka kwa kuona haya. Tyubu ya ukumbini ilipepesa macho mpaka mtu akaamua kuizima. Friji nalo lilinguruma sekunde chache, likalia "tak", likanyamaza, kisha likaanza tena. Siku ya ishirini lilinyamaza moja kwa moja na jikoni kukanuka harufu ya kuungua. Fundi aliyetoka Wete alilifungua akasema mota imeungua, na bei aliyoitaja ilikaribia nusu ya bei ya friji jipya.

Swali likaanza pale barazani: nani anakula umeme wetu? Mmoja alisema waya wa baharini umechoka. Mwengine alisema ni mambo ya wenyewe, tusiyachunguze sana. Kijana mmoja fundi wa umeme alikuja mchana na kipimo chake, akapima, akakuta volti 226, akasema umeme ni mzima kabisa, akalipwa, akaenda zake. Ikabaki shutuma moja, na hiyo ndiyo tuliyoichukua mimi na dada: nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa fundi wa kuchomelea vyuma. Mashine yake ikiwaka, cheche zinaonekana mpaka barabarani. Nani mwengine awezaye kula umeme wa mtaa mzima? Tukamnunia. Ramadhani ile sinia letu la futari halikwenda kwake, na lake halikuja kwetu.

Hapo, ndugu msikilizaji, naomba tuondoke Konde kidogo turudi nyuma, kwa sababu ugonjwa huu wa umeme mdogo ni wa zamani. Umri wake ni sawasawa na umri wa umeme wa majumbani.

Sisi watu wa visiwa hivi tuna haki ya kusema kwamba tuliuona umeme mapema. Beit al Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ndilo linalotajwa kuwa jengo la kwanza la Zanzibar kuwa na taa za umeme. Na ndugu zetu wa Kenya wanapoisimulia historia ya umeme wao huanzia Unguja: kwenye jenereta ya Seyyid Barghash ya kuwashia taa za kasri lake, ambayo mwaka 1908 ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee. Lakini angalia namna umeme ule ulivyokuwa. Mashine iko hapa, kasri iko pale pale, waya ni mfupi. Umeme wa aina hiyo haupati nafasi ya kuchoka njiani.

Taabu ilianza watu walipotaka kuupeleka mbali. Tarehe 4 Septemba 1882 Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme katika mtaa wa Pearl mjini New York. Umeme wake ulikuwa wa volti 110, na haukuweza kufika mbali zaidi ya kiasi cha maili moja. Aliyekaa karibu na mashine alipata mwanga mzuri. Kila nyumba ilivyosogea mbali, mwanga ulipungua. Edison alilazimika kutumia shaba nene na ya ghali, na hata hivyo maili moja ilibaki kuwa maili moja.

Sababu yake ilikuwa imekwisha elezwa tangu mwaka 1827 na Mjerumani Georg Ohm, aliyewahi kusomesha skuli huko Cologne. Kila waya una ukaidi wake wa kupitisha umeme. Ukiwa mrefu, ukaidi unazidi. Ukiwa mwembamba, unazidi pia. Na kadiri unavyovuta umeme mwingi kupitia waya huo, ndivyo volti nyingi zinavyopotea njiani na kugeuka joto. Mfano wake ni mpira wa kumwagilia maji. Chukua mpira mrefu na mwembamba, uunge kwenye bomba, uzibe mdomo wake kwa kidole: utahisi maji yanasukuma kwa nguvu zote. Sasa achia kidole. Nguvu imekwenda wapi? Bomba halina kosa. Nguvu imeliwa na urefu wa mpira na wembamba wake, na imeliwa pale tu maji yalipoanza kwenda. Uweke akilini mfano huu, maana ndio uliomdanganya yule kijana wa volti 226.

Dawa ilipatikana Ulaya na Marekani karibu wakati mmoja. Mwaka 1885 mainjinia watatu wa kampuni ya Ganz mjini Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza transfoma iliyofaa kwa kazi. Machi 1886, William Stanley aliwasha taa za maduka ya mji mdogo wa Great Barrington, Massachusetts, kwa njia hiyo hiyo. Siri yake ni hii: ukipandisha volti mara kumi, kazi ile ile inahitaji mkondo mdogo mara kumi, na kinachopotea njiani kwa joto kinapungua mara mia. Kwa hiyo umeme husafirishwa kwa volti nyingi sana, kisha hushushwa karibu na nyumba. Mwaka 1891 Wajerumani waliupeleka umeme kutoka Lauffen mpaka Frankfurt, kilomita 175. Maili moja ya Edison ikawa imevukwa ndani ya miaka tisa.

Tanganyika, Wajerumani walileta umeme Dar es Salaam mwaka 1908, na baadhi ya miji ikafuata polepole. Vijiji vilingoja, na Pemba ikangoja zaidi. Kwa miaka mingi kisiwa kile kiliendeshwa na mashine za dizeli za Wesha, karibu na Chake Chake. Mafuta yakichelewa, au mashine ikiumwa, kisiwa kilikaa kiza kwa zamu. Tangu miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, nguzo zilianza kusambazwa vijijini Unguja na Pemba, mpango uliokwenda kwa awamu mpaka mwaka 2006. Ndivyo waya ulivyofika vijiji ambavyo wazee wake hawakutarajia kuuona.

Unguja walikuwa na waya wa baharini tangu mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni mpaka Ras Fumba. Pemba ilikuwa kazi nyengine. Mkondo wa bahari baina ya Pemba na Bara una kina cha mamia ya mita, na masafa yake ni makubwa. Mwaka 2010 ndipo Pemba ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa volti 33,000, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 70, na hapo tena Norway ikasaidia. Mwaka ule ule, Unguja ilikuwa ndiyo kwanza inatoka kwenye miezi mitatu ya kiza, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, njia yake ya umeme wa Bara ilipoharibika. Watu wa Mjini mnaikumbuka. Nasi Wapemba tulisema, Al-hamdulillahi, zamu yetu imefika.

Sasa fikiri kilichofuata. Umeme umekuwa wa kutegemewa, na mtu akishautegemea huununulia vyombo. Nyumba iliyoungwa kwa ajili ya taa mbili na redio ikaongeza feni, televisheni, pasi, birika, friji na pampu ya kisima. Nguzo ni zile zile, transfoma ni ile ile, na mwisho wa laini ni ule ule. Kwa hiyo waliokuja kulaumu waya wa baharini walikosea kilometa nyingi. Waya ule wa volti 33,000 uliotambaa chini ya bahari hupoteza sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Hasara kubwa kwa kawaida iko mwisho kabisa, pale umeme ulipokwisha shushwa kuwa wa volti 230, katika mita mia chache baina ya transfoma na swichi yako. Pale ndipo tunaporudi katika maili ya Edison.

Haya nilielezwa na mzee mmoja wa Chake Chake aliyeitumia umri wake kupanda nguzo, na ambaye sasa anakaa barazani kwake na tasbihi. Nilimwendea baada ya Idi, nikamwambia habari ya friji na ya yule mchomeleaji. Akaniuliza: "Mmepima?" Nikamjibu kwamba tumepima, volti 226. "Saa ngapi?" Saa sita mchana. "Kitu gani kilikuwa kinawaka?" Hakuna kitu. Akacheka. "Yakhe, mmepima mpira mkiwa mmeuziba kwa kidole."

Alikuja mwenyewe kwa gari ya abiria, na kipimo mfukoni. Nitakueleza alivyofanya, ili na wewe ujue la kumuuliza fundi wako. Sikwambii ufungue swichi mwenyewe. Umeme mdogo unaua sawasawa na mkubwa, na kazi ya kupima ni ya fundi anayejua.

Kwanza aliuliza majirani. Kama umeme ni mdogo kwa kila mtu, ugonjwa uko kwenye laini au transfoma. Kama ni kwako peke yako, ugonjwa uko baina ya nguzo na nyumba yako, au ndani ya nyumba. Kwetu majirani walilalamika, lakini si kama sisi. Kwao taa zilikuwa na manjano, kwetu zilikuwa nyekundu.

Pili alipima mahali pawili. Lazima niseme hapa kwamba mita yetu iko katika nyumba ya zamani ya marehemu baba, kando ya barabara. Nyumba ya dada iko nyuma, baada ya mikarafuu na mfenesi, kiasi cha mita tisini. Mchana, vitu vyote vikiwa vimezimwa, alikuta 226 kule na 226 huku. Kisha akasema dada awashe birika. Kule ikawa 224. Huku ikawa 205.

Tatu, alingoja magharibi, wakati kila nyumba imewasha. Kwenye mita akakuta 208. Kwa dada, birika likiwa linachemka na friji la kuazima likijaribu kuamka, kipimo kilianguka mpaka 165. Mzee alinionesha tarakimu zile bila ya kusema neno.

Tufanye hesabu pamoja. Umeme kamili ni volti 230. Volti 22 zilipotea kabla ya kufika kwenye mita yetu. Volti 43 zilipotea ndani ya uwanja wetu wenyewe, baina ya nyumba ya baba na nyumba ya dada. Na yule mchomeleaji je? Mzee alimwita, akamwomba achomelee huku yeye akitazama kipimo. Volti kwenye mita yetu zilishuka nne. Nne tu.

"Waya huu aliununua nani?" mzee akauliza.

Ndugu msikilizaji, niliununua mimi. Dada alipohamia nyumba yake, fundi alitaka waya mnene. Mimi niliona bei, nikaenda Darajani nikanunua roli mbili za waya wa milimita moja na nusu, ule wa kufungia taa za vyumbani, nikaona nimeokoa fedha. Roli haikutosha, tukaunga kipande chini ya mfenesi kwa kuvisokota na kuvifunga utepe. Mzee alipofungua kiungo kile, utepe ulikuwa umeyeyuka na shaba imekuwa nyeusi.

Waya wa shaba wa milimita moja na nusu, mita tisini kwenda na tisini kurudi, una ukaidi unaozidi omu mbili. Ongeza kiungo kibovu, inakuwa kama mbili na nusu. Birika na friji linaloamka huvuta ampea kama kumi na saba. Zidisha: volti 43. Hapana jini wala mwizi hapo. Waya wa shaba wa milimita kumi, bila ya kiungo, kwa masafa hayo hayo na mzigo huo huo, hupoteza volti kama sita tu.

Na kwa nini friji liliungua, wakati taa ilififia tu? Taa ikipewa kidogo hula kidogo. Kwa volti 184, yaani asilimia 80 ya kawaida, chombo cha joto kama pasi hufanya kazi asilimia 64 tu, lakini hakidhuriki. Mota ya friji ni nyengine. Umeme ukipungua hukosa nguvu ya kuanza kuzunguka, ikakwama pale pale huku ikivuta mkondo mkubwa, na mkondo ule unageuka joto ndani yake. Ile "tak" tuliyoizoea ilikuwa kinga ya friji ikilikata lisiungue. Ililikoa mara nyingi, na mwisho ikashindwa.

Niliwaza kununua stabilaiza. Mzee alinikataza kuanzia huko. Stabilaiza hupandisha volti kwa kuvuta mkondo mwingi zaidi kupitia waya ule ule mwembamba. Waya unazidi kupata moto, kiungo kinazidi kuungua, na jirani anapunguziwa. Ina faida yake, hasa kulinda chombo umeme unapopanda na kushuka, lakini huwekwa baada ya waya kutengenezwa, si badala yake.

Alituachia na onyo moja ambalo naomba ulishike. Ukiona umewasha kitu, taa nyengine zikafifia na nyengine zikang'ara kupita kawaida, usingoje. Zima swichi kubwa, uwaite wahusika mara moja. Hiyo ni dalili ya waya wa nyutro kuachia, na wakati huo nyumba inaweza kupata volti nyingi kuliko inavyostahimili.

Tulibadilisha waya. Uligharimu fedha zaidi kuliko ule wa kwanza, lakini kidogo kuliko mota ya friji. Magharibi ya kwanza, kwa dada kulikuwa na volti 202, na friji likaamka bila ya kusita. Zile 22 za upande wa laini hazikuwa zetu kuzitengeneza. Tuliandika wiki nzima, asubuhi, mchana na magharibi, tarehe na tarakimu kando kando, tukazipeleka kwa wahusika. Karatasi ile ilisikilizwa kuliko makelele yetu yote ya zamani. Walikuta nyumba nyingi za upande wetu zimeangikwa kwenye fezi moja, wakazigawa. Sasa magharibi mita inasoma 219.

Iliyobaki ilikuwa kazi ambayo haina kipimo. Usiku mmoja baada ya sala ya isha nilikwenda kwa mchomeleaji. Nilimwambia kwamba tulimdhania vibaya, kwamba mashine yake ilikuwa inakula volti nne na mimi nilikuwa nakula arobaini na tatu, na kwamba nimekuja kumtaka radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema na yeye alikuwa na neno. Tyubu yake ilikuwa haiwaki magharibi tangu mwanzo wa Ramadhani ile, na mkewe alimwambia sababu ni friji jipya la dada yangu. Ndiyo maana sinia lao halikuja.

Tulicheka mpaka watoto wakatoka nje kututazama. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kama unaye mama au dada huko shamba, na taa yake ni nyekundu magharibi, kabla hujamnunulia friji muulize fundi waya wake ni wa milimita ngapi. Na kama uliununua wewe, basi tuungame pamoja. Tukijaaliwa, tukutane wiki ijayo.